Jua Linapozama, Mtakaa Wapi na Wazee?

Kila wikiendi naona status za wanachuo wenzangu: mtu kakaa kwenye kiti cha hoteli, juisi mkononi, jua jekundu nyuma yake. Picha nzuri, sikatai. Lakini kama ungekuwa na mama, baba na wadogo zako watatu, mngekaa wapi?

Nauliza hivyo maana kwetu tuko sita, vyumba viwili, Ng'ambo. Hatuna ua. Jioni mabati yanatoa joto lote lililoingia mchana, na wadogo zangu hawana pa kukimbilia ila njiani penye bodaboda. Kwa familia kama yetu, sehemu ya wazi ya kukaa jioni ni sebule.

Mimi nasomea ualimu, na somo langu ni jiografia, kwa hiyo nivumilieni kidogo. Unguja tuko kama nyuzi 6 kusini ya ikweta. Mwaka mzima jua letu linazama baina ya saa 12 na robo na saa 1 kasorobo hivi. London, mwezi wa Juni linazama baada ya saa 3 usiku, na Disemba kabla ya saa 10 jioni. Sisi tunaweza kuhesabu saa zetu kwa jua kwa sababu halituchezei. Ila likishashuka kwetu, giza halichelewi. Ukitoka nyumbani saa 12, umeshachelewa. Toka saa 11.

Jengine ni upande. Paje, Bwejuu na Jambiani ziko mashariki: jua linachomoza baharini na linazama nyuma ya minazi. Nilipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha skuli moja ya huko, mtoto mmoja aliniuliza, "Mwalimu, kweli mjini jua linaingia baharini?" Ana miaka kumi na moja, anaishi kwenye kisiwa ambacho upana wake haufiki kilomita 40, na hajawahi kuliona. Nilimchorea ubaoni. Akaniangalia tu. Kuna vitu chaki haiviwezi.

Sasa, magharibi ndiyo kwenye jua la kuzama. Kizimkazi Dimbani ni pazuri, ukiwa na muda wa safari. Maruhubi, kwenye magofu ya kasri la Sultan Barghash, pametulia. Lakini angalia kwanza maji yamejaa au yamekupwa. Karibu na mjini kuna Mizingani, na kuna Forodhani, iliyofunguliwa upya mwaka 2009 baada ya matengenezo makubwa. Hapo vijana wanaruka ukutani kwenda majini, majahazi yanapita mbele ya jua, na wauza urojo na juisi ya miwa wanaanza kuwasha taa. Mama anabeba chupa ya chai na maandazi, mimi nabeba mkeka. Adhana ya Magharibi ikilia, msikiti hauko mbali. Kama una watoto wadogo, kaa nao mbali na ukuta.

Mwaka juzi tulijaribu pwani ya kaskazini. Baba alikuwa kajibana wiki nzima apate nauli ya watu sita. Tumefika, tumevua viatu, mlinzi akaja. "Mzee, samahani, hapa ni kwa wageni wa hoteli." Alisema kwa adabu kabisa. Baba akajibu, "Haya, ahsante," akamshika mkono mdogo wangu wa mwisho, tukarudi kituoni. Jua la siku ile tuliliona kwenye dirisha la daladala, na ndani hakuna aliyesema neno.

Siichukii hoteli. Utalii unalisha watu wengi hapa, na baadhi ya jirani zetu wanafanya kazi huko huko. Lakini sitaki mtoto ajifunze, mbele ya baba yake, kwamba bahari ina wenyewe. Hilo ni somo pia, na linafahamika haraka kuliko la kwangu la ubaoni. Forodhani hakuna anayekuuliza umetoka wapi. Mgeni kakaa kushoto, sisi tumekaa kulia, na jua ni lile lile.

Kwa hiyo nina maombi mawili kwa serikali yetu ya wanafunzi. Kwanza, pale panaposikilizwa maoni kuhusu matumizi ya ardhi ya pwani, na sisi tuwepo tudai njia za umma za kufikia bahari. Pili, pesa ya safari moja ya mwaka ikodi gari, iwalete mjini watoto wa skuli tunazofanyia mazoezi. Wafike saa 11 jioni, wakae ukutani na walimu wao. Mimi nitajitolea kusimamia, na najua mtoto wa kwanza wa kumuandika kwenye orodha.