Simu Yenye Miguu

Msomaji mpenzi, usitarajie nikufundishe kuchora. Wenzangu wa bweni watakuambia kwamba nikichora ng'ombe watu huuliza kama ni meza. Ninalotaka kukusimulia ni jinsi nyumba yetu kule Voi ilivyoingiwa na mazoea ya kuchora kila siku, na wala haikuwa kwa kupenda sanaa.

Mama aliondoka Juni 2018 kwenda Riyadh, Saudi Arabia, kufanya kazi za nyumbani kwa mkataba wa miaka miwili. Mimi nilikuwa darasa la tatu. Mdogo wangu, kitindamimba wetu, alikuwa na umri wa miaka miwili, hata kunyonya alikuwa ameachishwa juzi juzi tu. Kule alikoajiriwa Mama alipewa simu yake Ijumaa jioni pekee. Saa za Riyadh na za Voi ni zile zile, kwa hiyo giza likiingia kwetu na yeye usiku unakaribia. Basi kila Ijumaa tulijipanga mbele ya simu ya Baba, wima kama watu wanaopigwa picha za kitambulisho.

"Jumanne mlifanya nini?" Mama anauliza.

Tunatazamana. "Hakuna."

"Jumatano je?"

"Hakuna, Mama."

Siku zilikuwa zimepita, lakini ukiambiwa uzitoe mfukoni uzionyeshe, huna hata moja.

Ukaja mwaka 2020. Machi shule zikafungwa kwa ajili ya korona, kisha kafyu ikatangazwa, saa moja jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri. Baba ni mwendeshaji wa bodaboda, na zamani alikuwa akirudi sisi tumeshalala fofofo. Sasa saa kumi na mbili na nusu pikipiki iko uani. Ndege nazo zikasimama, na ule mkataba uliokuwa uishe Juni tukawa hatujui utaishaje.

Jioni moja nilimkuta mdogo wangu amechuchumaa na kipande cha kaa, anachora kwenye sakafu ya baraza. Alikuwa amechora kisanduku kirefu chenye miguu miwili na mikono miwili, na juu yake kitone kimoja.

"Hiki nini?"

"Mama."

Nikaangua kicheko. Nilicheka mpaka nikashika mbavu, nikamwita Baba aje aone simu yenye miguu. Baba akaja, kofia ya pikipiki bado mkononi. Akatazama. Kisha akaingia chumbani akafunga mlango, na ugali wake ulilala mezani mpaka asubuhi. Kicheko chote kilinikauka.

Babu hakusema kitu usiku ule. Babu alikuwa mchoraji wa maandishi ya maduka. Ukipita mitaa fulani hapo Voi utaona ukutani KINYOZI au HOTELI ambayo rangi yake imepauka, huenda ni mkono wake huo. Alipokuwa kijana alikata katuni za Juha Kalulu, zile za Edward Gitau katika Taifa Leo, akaziiga mpaka karatasi zikaisha. Asubuhi alichukua paketi ya unga ya kilo mbili iliyokwisha, akaipasua kwa wembe taratibu, akaikung'uta, akaitandaza mezani upande wa ndani juu.

"Kila mtu," akasema, "kila siku, picha moja. Chora kitu cha leo. Hakuna kufuta, hakuna kutupa. Ijumaa tunampa Mama siku zake saba."

Baba akasema yeye hajui kuchora. Babu akamwuliza kama anajua kuiona pikipiki yake. Baba akacheka kidogo, akachukua penseli.

Karatasi haikuwa shida, maana familia inayokula ugali mchana na usiku haikosi paketi. Shida ilikuwa macho. Babu alitufundisha kwamba tunachora tunachodhani kipo, si kilichopo. Sote tulikuwa tukiweka macho juu kabisa ya uso, karibu na nywele. Akatwambia tupime: kutoka utosini mpaka kidevuni, macho yako katikati. Nenda kwenye kioo upime ukidhani nakudanganya. Alitufundisha pia kunyosha mkono wote, kufumba jicho moja na kupima mbuyu kwa penseli: mbuyu ni penseli nzima, mbuzi aliye chini yake ni ukucha wa kidole gumba. Wiki hiyo kila kitu uani kilipimwa, hadi kuku wakaanza kutukimbia.

Siku ya kumchora Mama ndiyo iliyotutoa jasho. Babu alikataa tutazame picha zilizo kwenye simu kwanza. "Toeni kichwani." Ebu jaribu, msomaji, kumchora mama yako bila kumwangalia! Nilijua sauti yake, nilijua mwendo wake, lakini pua yake ikoje? Baba aliweka baka shavu la kulia, Babu akaliweka la kushoto, wakabishana kama watu wa siasa. Kumbe wote walikuwa sawa: mmoja alihesabu kulia kwa Mama, mwingine kushoto kwake yeye anayetazama. Uso wangu mimi ulitoka kama wa mwalimu mmoja ambaye sitamtaja. Aliyetushinda ni Baba. Hakumaliza hata uso, lakini alichora mkono ulioshika pindo la leso chini ya kidevu, na mdogo wangu alipouona mkono huo akanyamaza, akausogelea, akauwekea kidole.

Baada ya hapo Baba alirudia pikipiki. Kila siku pikipiki, wiki sita mfululizo, na chini yake vijiti vya kuhesabia wateja. Mimi niliona ni uvivu. Ijumaa moja Mama akazitazama zile saba moja baada ya nyingine, akauliza polepole, "Alhamisi wawili tu?" Baba alikuwa amemwambia kazi si mbaya. Hapo ndipo nilipojua kwamba Mama alikuwa akiisoma bei ya unga wetu katika vile vijiti.

Watoto wa jirani walisikia, wakaja. Babu aliwakalisha uani, mita moja na nusu kati ya mtu na mtu, kama serikali ilivyoagiza. Rafiki yangu mmoja alichora tembo tu, kwa kuwa tembo walikuwa wamelala na mahindi yao yote. Mwingine alikuwa akichora reli ya SGR isiyo na treni, maana treni ya abiria ilisimamishwa Aprili. Miezi mitatu reli tupu! Treni iliporudi Julai alikuja mbio mpaka ndala moja ikakatika, na mchoro wenyewe ulikuwa mbaya ajabu, mabehewa yakipishana ukubwa kama viazi.

Sitakudanganya kwamba hatukuruka siku. Zipo siku za malaria, zipo siku nilizogombana na Babu nikachora mstari mmoja nikaandika "mvua". Babu aliuhifadhi mstari huo pamoja na nyingine. Mama naye alikuwa akituchorea juu ya vipande vya maboksi ya karatasi za kupangusia, akituonyesha kwa simu. Kila wiki dirisha lile lile, na ng'ambo yake paa lenye tangi la maji. Nilimlalamikia achore kitu kingine. Akajibu, "Mwanangu, hicho ndicho nilicho nacho."

Alirudi Julai 2021, miaka mitatu badala ya miwili. Alishuka kwenye matatu na begi moja, mwembamba kuliko picha zetu zote. Mimi nilimrukia, nikamwangusha nusura. Mdogo wangu, sasa miaka mitano, alijificha nyuma ya Babu. Mama akanyosha mikono; mtoto akarudi nyuma. Mikono ikabaki hewani kidogo, kisha ikashuka.

Nyumbani chai ilimiminwa, hakuna aliyejua la kusema. Ndipo mdogo wangu alipovuta kigoda, akakaa mbali, karibu na mlango, karatasi ya unga magotini. Akanyosha mkono, akafumba jicho, akampima Mama kwa penseli. Mama alielewa. Akaweka kikombe chini, akakaa tuli. Nzi akatua kwenye paji lake, hakumfukuza. Ilichukua karibu nusu saa, chai ikaganda utando. Kisha mtoto akainuka, akaenda mpaka ubavuni mwa Mama, akalinganisha picha na uso, akaligusa lile baka.

"Babu aliliweka hapa," akasema. Na hakuondoka tena pale ubavuni.

Sisi tuliofanya KCPE ya mwisho mwaka 2023 tuliingia kidato cha kwanza mwaka 2024, na mimi nikaja hapa na daftari langu. Tuko wanne bwenini tunaochora dakika kumi kabla ya taa kuzimwa, mmoja ameshanyang'anywa penseli na kiranja mara mbili. Siku za wazazi Mama huniletea za nyumbani zimefungwa kwa uzi. Baba bado ni pikipiki. Muhula uliopita katika zile za Mama nilikuta dirisha, nikashtuka. Nikageuza karatasi vizuri. Lilikuwa dirisha la jikoni kwetu, na nje Babu amelala usingizi kwenye kiti, mdomo wazi.