Mgongo wa Mama

Kwetu Gesima, nchini Kenya, "baba" ni mama. Ndivyo Kigusii kilivyo. Baba mzazi ni "tata". Kwa hiyo ndugu yangu, aliyezaliwa na mtindio wa ubongo, alipofaulu kutamka neno lake la pekee, "baba", alikuwa akimwita aliyembeba.

Na alibebwa kweli. Ila kapu la chai nalo hukaa mgongoni, na mgongo ni mmoja. Mama alimlaza kwenye kivuli cha mkaratusi ukingoni mwa shamba, akachuma huku akigeuka kila mara. Majirani walinong'ona kuhusu laana. Wengine walimshauri amfiche wageni wakija. Hakubishana nao, kila asubuhi alimtoa uani aote jua.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2003 tuliisikia redioni, ikaishia humo humo. Baadaye mfadhili akaleta kiti cha magurudumu, kipya, kinang'aa. Aliyekichagua hakuwa ameiona miteremko yetu. Mvua ya kwanza tu, magurudumu ya mbele yalizama topeni. Kikarudi sebuleni, kuku wakakifanya chao.

Mwaka 2011 serikali ilianza kutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wenye ulemavu mkubwa, zikipokelewa na mlezi. Mwanzoni zilifikia nyumba chache tu. Yetu ilisubiri miaka. Kisha ikaja shughuli ya kuthibitishwa hospitalini. Safari ya kwanza tuliambiwa anayehusika hayupo. Ya pili, karani alimtazama ndugu yangu, mtu mzima mwenye ndevu, akauliza, "Kwani hawezi kutembea hata kidogo?" Wakati huo mbebaji nilikuwa mimi. Nilimshusha, nikamlaza sakafuni mbele ya meza yake. Mama hakusema neno. Karani akainama kwenye fomu.

Pesa zilipoanza kuja nilidhani zitaishia kwenye dawa na sabuni. Mama aliziona vingine. Alitoa fungu, akamlipa jirani mmoja, mama mwenzake, amkalie ndugu yangu siku mbili kwa wiki. Hakuna ofisa aliyemfundisha hilo, wala fomu haikuwa na nafasi ya kuuliza anayelea hupumzika lini. Shilingi 2,000 za 2011 hazinunui leo zilichonunua wakati ule, na huchelewa. Zikichelewa, jirani humkopesha siku zake.

Jumanne na Ijumaa, mama huenda shambani na kapu mgongoni.