Pumzi na Pumziko



Wapendwa wanaparokia, lugha yetu ya Kiswahili ina hekima tunayoipita kila siku bila kuitazama. Pumzi, kupumua na kupumzika ni maneno ya shina moja: apumzikaye huirudia pumzi yake. Kiebrania nacho kina fikra hiyo hiyo. Katika Kutoka 23:12, Mungu anapoamuru pumziko la siku ya saba kwa ajili ya mtoto wa mjakazi na mgeni, neno lililotumika kuueleza unafuu wao lina asili moja na neno la pumzi. Juma hili nawaalika tuitafakari pumzi ya mfanyakazi, hasa yule anayepata riziki yake katika vumbi la pamba.

Hapa Sola, kama kwingineko Simiyu, pamba ndiyo ada ya shule na bati la nyumba. Msimu ukifunguliwa, vijana wetu hutafuta vibarua katika viwanda vya kuchambua pamba. Humo mashine hutenga nyuzi na mbegu, kisha nyuzi hushindiliwa kuwa marobota. Lakini pamba ghafi haiji peke yake. Huja na vipande vya majani, udongo na vijidudu visivyoonekana kwa macho. Vyote hupeperuka hewani, na mwisho wa safari yake vumbi hilo ni kifua cha mtu.

Maradhi yatokanayo na vumbi hilo, ambayo waganga huyaita bisinosisi, yana tabia ya ajabu. Mfanyakazi hupumzika Jumapili akajiona mzima. Jumatatu, baada ya saa chache kazini, kifua humbana, akakohoa na kutweta. Siku zifuatazo hali hutulia, na kufikia Ijumaa amekwisha kusahau. Naye msimamizi husema, "Jana huyu alilewa." Wenzake humwita mvivu. Ndugu zangu, amri ya nane haivunjwi mahakamani tu. Huvunjwa pia pale tunapomhukumu mgonjwa kwa Jumatatu yake.

Mgonjwa naye hunyamaza, maana anaogopa kupoteza kibarua. Ukimya huo ni ghali. Mwanzoni, mtu akiondolewa kwenye vumbi, kifua chaweza kurudia hali yake. Akiendelea miaka mingi, kubanwa huenea hata siku nyingine za juma, na mapafu yaweza kuharibika moja kwa moja. Tumefundishwa kujikaza, na ustahimilivu ni fadhila. Lakini kuuficha ugonjwa hadi mwili uharibike si fadhila. Pumzi ni amana ya Mungu aliyempulizia Adamu puani.

Daktari Mwitalia Bernardino Ramazzini, katika kitabu chake cha mwaka 1700 juu ya magonjwa ya wafanyakazi, aliwashauri waganga wamwulize kila mgonjwa afanya kazi gani. Basi ukifika zahanati usingoje kuulizwa. Sema kazi yako, sema na siku ambazo kifua hukubana. Kikohozi kikifikisha wiki mbili, omba upimwe kifua kikuu, maana dalili hufanana. Ukipewa dawa ya kuvuta kwa mdomo, itumie kama ulivyoelekezwa, wala usiiache kwa sababu leo umepata nafuu. Tumbaku iache kabisa, kwani huzidisha madhara.

Kwenu mliojaliwa kuajiri: kitambaa kilichofungwa puani hakitoshi. Vumbi lizuiwe kwenye mashine kwanza, ndipo vifuate vifaa vya kujikinga. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inadai kinga na upimaji wa afya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 inatambua magonjwa yatokanayo na kazi. Kumhamishia mgonjwa mahali pasipo na vumbi, pasipo kumdhalilisha, ni haki kabla ya kuwa huruma.

Na sisi tulio wazima, Mtume Paulo anatuagiza katika Wagalatia 6:2 tuchukuliane mizigo. Robota lina uzito, lakini mzito zaidi ni mzigo wa mgonjwa asiyesadikiwa. Jumatatu hii, ukimwona mwenzako ameinama akitafuta hewa, usimwulize jana alikunywa nini. Mwulize kifua kinambana tangu lini, kisha umsindikize kwa mganga.

Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, ambaye Papa Pius XII alimwekea sikukuu ya tarehe 1 Mei mwaka 1955, awaombee wote wanaotafuta mkate wao kwa pumzi fupi. Bwana awabariki, awape juma jema.