Mume Wangu na Bunduki ya Risasi Moja

Mpenzi msomaji, ukichunguza vizuri utakuta karibu kila ndoa ina mtu wa tatu. Usishtuke, sizungumzii nyumba ndogo. Nazungumzia kile kitu ambacho mwenzio anakipenda na wewe hukielewi. Kwa shoga yangu mmoja ni Simba. Timu ikifungwa, chakula cha jioni hakiliki. Kwa mwingine ni gari kuukuu ambalo halitoki gereji. Kwangu mimi ilikuwa bunduki. Tena ingekuwa ya kununua dukani yakaisha, ningenyamaza. Hii ilikuwa ya kutengeneza: miaka miwili ya mbao, tupa, msasa na mshiko usio mdogo.

Naomba tuelewane. Mume wangu si askari, na Bongo hakuwahi kushika hata manati. Yeye ni fundi wa kuchonga vyuma kwa mashine. Kuanzia 2014 hadi mwanzoni mwa 2019 tuliishi Pennsylvania, Marekani. Yeye alikuwa kiwandani zamu ya usiku, mimi nahariri makala nyumbani huku nalea watoto wawili. Tulikuwa tunaonana kama abiria wa daladala, mmoja anapanda mwingine anashuka.

Sasa Pennsylvania uwindaji si mchezo. Miaka ile msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki ulikuwa unafunguliwa Jumatatu baada ya Sikukuu ya Shukrani, na shule nyingi za vijijini zilikuwa zinafungwa siku hiyo. Jirani yetu, mzee mstaafu aliyewahi kufanya kazi kama ya mume wangu, ndiye aliyemwita siku moja akamwonyesha bunduki yake. Jamaa alirudi nyumbani macho yanang'aa. Nikajua kuna kasheshe inakuja.

Bunduki yenyewe haina magazini. Chini ya kifyatulio kuna leva. Ukiishusha, bonge la chuma lililoziba nyuma ya mtutu linateleza kwenda chini na tundu linabaki wazi. Unaweka risasi moja kwa mkono, unapandisha leva, chuma kinarudi juu na kufunga kama komeo. Ukishapiga, unaanza upya. Na kwa kuwa hakuna mtambo wa kuvuta nyuma na kusukuma mbele, unaweza kuweka mtutu mrefu na bado bunduki nzima ikawa fupi kuliko nyingine kwa kama sentimita 10.

Mtindo huu ni wa kale. Mwaka 1872 Mskoti John Farquharson alipata hataza ya mtambo wake, na bunduki zake zikatengenezwa na George Gibbs wa Bristol, Uingereza. Mmoja wa waliozitumia unalijua jina lake: Frederick Selous, ambaye Pori la Akiba la Selous liliitwa kwa jina lake. Aliuawa vitani pale Beho Beho tarehe 4 Januari 1917, na kaburi lake liko huko huko, eneo ambalo tangu 2019 limo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Huko Marekani, John Browning alipata hataza ya bunduki yake ya risasi moja mwaka 1879 akiwa kijana wa miaka 24. Mwaka 1883 kampuni ya Winchester ikainunua hataza hiyo kwa dola 8,000. Halafu zikaja bunduki za risasi nyingi, na hizi zikaanza kusahaulika, mpaka Ruger walipotoa yao mwaka 1967, wakiiita No. 1, kwa kuufuata mtindo wa Farquharson. Ndiyo aliyokuwa nayo mzee, na ndiyo mume wangu aliyoitaka.

Nikamuuliza, "Baba watoto, zipo za risasi nne au tano, tena bei nafuu. Kwa nini utake yenye moja?"

Akanijibu, "Mke wangu, ukiwa na tano, ya kwanza unaipiga ovyo."

Nilikubali, lakini kwa masharti, maana nyumba yangu ina watoto. Bunduki ikae ndani ya sanduku la chuma, risasi zikae chumba kingine na kwa ufunguo wake, na kila inapotoka iwe leva chini, tundu wazi, ili hata mimi nisiyejua kitu nione mwanga unapita na hakuna kitu ndani. Asome kwanza mafunzo ya wawindaji, ambayo kule ni lazima ndipo upate leseni yako ya kwanza. Kazi yoyote ya kifyatulio na mtutu ifanywe na fundi bunduki mwenye leseni; yeye abaki na mbao. Na pesa itoke kwenye saa zake za ziada, si kwenye akaunti ya Goba. Akaunti ya Goba ilikuwa ya kumalizia nyumba yetu Dar.

Basi, mwaka 2015 akanunua No. 1 iliyotumika, kitako chake kimekwaruzwa na kufubaa, na kazi ikaanza huko chini ya nyumba. Bunduki hizi mbao zake ni vipande viwili: kitako cha nyuma kinachobanwa na skrubu ndefu inayopita ndani yake, na kipande cha mbele cha kushikia chini ya mtutu. Mbao nzuri ni ya mjozi, ile ya kahawia yenye michirizi myeusi. Inakaushwa miaka kabla ya kuguswa, na pale kwenye shingo ya kitako nyuzi za mbao lazima ziende moja kwa moja, la sivyo siku moja mshtuko wa risasi utaipasua.

Usiku mmoja asiokuwa na zamu nilishuka kumpelekea chai. Alikuwa amepaka masizi kwenye chuma, anakandamiza mbao juu yake, anaitoa, anatazama palipobaki alama nyeusi, anakwangua hapo tu kwa patasi, unga kidogo kama wa kucha. Halafu anarudia tena na tena. Nilihesabu mara kumi na tisa na bado mbao haijakaa. Nikamwambia si uipige nyundo kidogo iingie? Akacheka. "Ukiilazimisha itaingia, lakini itapasuka baadaye."

Kuanzia hapo nikawa nashuka mara kwa mara. Mikono yake ikiwa na kazi, mdomo wake ulikuwa unafunguka. Mambo ya kiwandani, madeni ya kaka yake, hofu yake kwamba watoto wanasahau Kiswahili, yote niliyasikia pale, yeye akitazama mbao na mimi nikimtazama yeye.

Lakini mapenzi ya mbao ndiyo yaliyoleta ugomvi. Mwaka 2016 karatasi ya benki ilikuja, nikakuta dola 600 zimetoka akaunti ya Goba. Alikuwa amekiona kipande cha mjozi ambacho hakuwahi kuona mfano wake, akaogopa kitanunuliwa na mwingine, akachukua pesa bila kunishirikisha.

Mwenzangu, moyo ulichemka. Maneno nilikuwa nayo gunia zima: ya mama yake, ya zamu za usiku, ya kila kitu tangu tuoane. Siku mbili niliyapanga kichwani. Siku ya tatu watoto walipolala, nikaweka karatasi ile mezani, nikauliza swali moja tu: "Hizi ni bati ngapi?"

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akachukua kalamu, akapiga hesabu. "Kama sitini," akasema kwa sauti ndogo.

Sikuongeza neno. Miezi mitano iliyofuata alifanya kazi karibu kila Jumamosi mpaka zile dola 600 zikarudi, na kile kipande cha mjozi kilikaa kwenye kona hakijaguswa mpaka senti ya mwisho iliporejea. Mimi sikumwambia akiache. Aliamua mwenyewe.

Kikaja kuwa kitako kizuri, nisiseme uongo. Urefu wake ulipimwa kwa mkono wake mwenyewe, ili akiinua tu jicho likae nyuma ya darubini bila kutafuta. Mafuta ya kitani yalipakwa kwa kiganja, tabaka jembamba moja, kungoja likauke, msasa, jingine tena, wiki hadi wiki. Pale pa kushikia alichonga vimraba vidogo kwa mkono, mistari 24 kwa kila inchi, yaani karibu mmoja kwa kila milimita. Ukiteleza mmoja, jicho litauona milele. Kipande cha mbele nacho kilimsumbua. Kwenye No. 1 kinashikiliwa na mkono wa chuma unaotoka kwenye mtambo, na kikibana mtutu vibaya, risasi zinahama kadiri mtutu unavyopata moto. Akawa anakwenda uwanja wa kulenga shabaha, anarudi, anakwangua nywele moja, anakwenda tena.

Novemba 2017 akaingia msituni na mzee, wamevaa rangi ya chungwa inayowaka kama sheria inavyotaka. Leseni inaruhusu dume mmoja tu kwa msimu. Saa moja asubuhi dume mkubwa akatokea, kama mita 120, lakini ubavu umefichwa na vichaka. Mume wangu akamweka kwenye darubini, akasubiri. Yule mnyama akapiga hatua mbili, akapotea. Hakupiga. Alirudi mikono mitupu, nikadhani atanuna wiki nzima. Wapi! Alikula, akalala usingizi wa mtoto. Mwaka uliofuata alipata wake kwa risasi moja, na nyama ile tuliipika kwa nazi ya kopo.

Tulipoamua kurudi nyumbani, kuileta bunduki ilikuwa na mlolongo wa vibali, na mimi sikusema chochote, nilingoja aamue. Aliiuza kwa mzee jirani kupitia duka lenye leseni, dola 1,700, chini ya alizotumia. Pesa ile ilitutosha bati zote za Goba na mbao za kenchi. Patasi na tupa alirudi nazo. Sasa anawatengenezea watoto vitanda.

Watu wananiuliza niliwezaje kuishi na kitu kile. Jibu langu ni fupi. Weka masharti mapema, kabla hamjagombana, na hasa yale yanayohusu usalama wa watoto yasiwe na mjadala. Pesa ya starehe iwe na mfuko wake, na ya nyumba iwe na wake. Halafu shuka chini ukaone anafanya nini, hata kama hukipendi kitu chenyewe. Huenda mwenzio anaongea vizuri zaidi mikono yake ikiwa na kazi. Na siku ya kugombana, maana itakuja tu, usimwage gunia zima. Chagua neno moja, ngoja mpaka uone vizuri, ndipo useme.

Wako ana nini kule chini, msomaji? Umeshawahi kumpelekea chai?