Kimo cha Macho ya Mama

Jumamosi, 1 Juni 2024

Leo nimeziteremsha picha zote za ukumbini, kumi na nne. Marehemu Baba alizitundika juu kabisa, chini kidogo ya boriti, kila moja imeinamishwa mbele kwa uzi kama mtu anayechungulia kisimani. Katika nyumba nyingi za hapa Mji Mkongwe picha zilitundikwa hivyo, wakubwa wakae juu kwa heshima yao. Nimekua chini ya nyuso hizo bila kuwaza lolote, mpaka juzi Mama aliponiuliza, "Ile ya harusi ya mama yako mkubwa imekwenda wapi?" Haikwenda popote. Ilikuwa pale pale mbele yake, ila shingo yake haiinuki tena.

Nimeona haya. Mwaka mzima anakaa kwenye kiti kile akitazama ukuta mtupu.

Nyuma ya fremu nne nimekuta unga wa chokaa na njia za mchwa zilizokauka. Picha moja imeshikana na kioo chake. Sikuthubutu kuivuta, nimeiacha ndani ya fremu kama ilivyo.

Jumatatu, 3 Juni

Ukuta wetu una tabia zake. Ni mawe ya matumbawe na chokaa, na unene wake nimeupima pale dirishani: sentimita 56. Ukiupiga msumari penye jiwe, unapinda. Ukiupiga penye chokaa, unaingia kama kwenye mkate, na kutoka unatoka vivyo hivyo. Miaka michache nyuma fundi mmoja alituzibia matundu kwa saruji. Saruji haipumui kama chokaa. Unyevu ulibaki nyuma yake, chumvi ikasukuma, na masika iliyopita kiraka kizima kilianguka pamoja na fremu ya kaka yangu. Sitaki saruji tena katika nyumba hii.

Kwa hiyo sitoboi matundu kumi na manne. Seremala wa mtaani atapitisha ubao mmoja wa mvule chini ya boriti, mita tatu na nusu, ushikwe na skrubu ndefu nne tu, na picha zote zining'inie kutoka hapo. Amekuja alasiri kutafuta mawe mazima. Anagonga kwa mpini wa nyundo huku ameweka sikio ukutani: penye jiwe panalia kwa ukali, penye chokaa sauti inakufa. Ilimchukua saa nzima kupata sehemu nne za kuaminika, nami nilifurahi kumwona hana haraka.

Alhamisi, 6 Juni

Ukumbi ni mrefu na mwembamba, kama kumbi zote za nyumba hizi, kwa sababu upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti za mikoko. Wetu haufiki mita tatu. Maana yake huna pa kurudi nyuma ukaitazama picha kubwa. Utaona pembe yake tu. Mchoro wa Tingatinga alioniletea Kaka kutoka Dar es Salaam, ndege wawili juu ya mti mwekundu, nimeuweka mwisho wa ukumbi, ili mtu auone tangu mlangoni. Hauhitaji kioo. Edward Saidi Tingatinga alipoanza mwaka 1968 alichora juu ya hadibodi kwa rangi za mafuta zinazong'aa, za aina ile ya kupakia baiskeli, na baada ya kufariki mwaka 1972 wanafunzi wake waliendelea vivyo hivyo. Kitambaa kikavu kinautosha mchoro huu.

Ukuta wa kaskazini hauna mjadala. Kibla chetu hapa Unguja ni kaskazini, karibu moja kwa moja, na Mama anasali ukumbini. Upande ule hapawekwi uso wa mtu. Ayatul Kursi peke yake inabaki.

Ukuta wa mashariki unapigwa na jua la alasiri. Picha ya rangi ya mwaka 1983 iliyokaa pale imegeuka ya waridi, nyuso zimefifia, ilhali ile nyeusi na nyeupe ya 1958 jirani yake ni kama imesafishwa jana. Ya zamani imeshikwa na fedha, ya rangi imeshikwa na rangi tu, na jua hula rangi. Zote za rangi nitazitolea nakala. Nakala ikae ukutani, asili irudi kabatini, gizani.

Basi umebaki ukuta wa magharibi, ule ule unaotazamana na kiti chake.

Jumapili, 9 Juni

Nimekata magazeti kwa vipimo vya fremu na kuyabandika ukutani. Kwenye majumba ya makumbusho katikati ya picha huwekwa kama sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni, kimo cha macho ya mtu aliyesimama. Nilipima macho ya Mama akiwa ameketi: 108. Nikayashusha magazeti yote. Ndugu yangu mmoja amepita, akasema wageni watalazimika kuinama. Wainame. Mgeni anakaa saa moja, Mama anakaa kutwa.

Nilizipanga kwa umri. Mama akakataa. Alinyoosha bakora, akaanza kuhamisha watu: somo yake, ambaye si wa damu yetu, akae karibu na mama mkubwa. Shangazi zangu wawili niliwaweka mbalimbali, kwa kuwa tangu utotoni najua walikuwa hawasemezani.

"Waweke pamoja."

"Mama, hawa si walikuwa…"

"Walipatana siku ya Arafa. Wewe hukuwepo."

Miaka yote nimeubeba ugomvi uliokwisha.

Jumatano, 12 Juni

Zimetundikwa kabla ya Iddi, alhamdulillah. Kila fremu ina mishipi miwili ya kuvulia, niliinunua Malindi. Mmoja huiacha picha izunguke. Kwenye pembe za chini, kwa nyuma, nimegundisha vipande vya kizibo ili hewa ipite kati ya fremu na ukuta, na kati ya picha na kioo kuna karatasi ngumu iliyokatwa dirisha, zisishikane tena.

Ya harusi imekaa sentimita 108 kamili. Ilipigwa Capital Art, studio aliyoianzisha Ranchhod Oza mwaka 1930. Mama ameisogelea kwa kiti mpaka pua inakaribia kioo. Akaweka kidole pembeni, nyuma ya kiti cha bibi harusi, palipo na kichwa cha mtoto ambacho mimi sikuwahi kukiona kule juu.

"Mimi huyu. Nina miaka saba."

Akanyamaza kidogo.

"Siku hiyo nilivaa viatu vipya. Kiti kimevifunika."