Kitufe Kilichomeza Sura ya Tatu

Ndugu msomaji, usinicheke. Sura ya tatu ya riwaya yangu ilipotea kwa sababu ya kitufe. Hakuwa mwizi, wala umeme haukukatika. Ni kitufe, tena nilichokitengeneza kwa mikono yangu.

Ilikuwa hivi. Nilipomaliza kidato cha nne nilijifunza kuandika programu kwa lugha ya Java, kidogo kidogo, kwa kitabu cha kuazima. Nikajisemea, kwa nini nisijitengenezee programu ya kutunzia riwaya? Juu nafasi pana ya kuandikia, chini vitufe viwili: Hifadhi na Futa. Basi.

Wacha nikwambie, vitufe vilinitoa jasho. Kampuni ya Sun Microsystems ilipoitoa Java mwaka 1995, ilikusudia programu moja iendeshwe kwenye kompyuta za kila aina, na herufi za kompyuta hii hazilingani na za ile. Kwa hiyo dirisha la programu huwa na msimamizi wa mpangilio, na yeye ndiye anayegawa nafasi. Mimi hilo sikulijua. Niliweka kitufe bila kusema kikae wapi, kikajaza dirisha zima kama godoro kwenye chumba cha kupanga. Nikakiamuru kwa setSize: upana 80, urefu 25. Wapi! Hakikusikia. Kumbe msimamizi wa dirisha lile, BorderLayout, ana sehemu tano: juu, chini, kushoto, kulia na katikati. Usipotaja sehemu, kitu huenda katikati, na cha katikati hupewa nafasi yote iliyobaki, hata kama umekitajia ukubwa mwingine.

Nikapandwa na hasira. Nikamfukuza msimamizi kabisa kwa setLayout(null), kila kitufe nikakipimia pikseli zake mwenyewe. Kwenye kompyuta yangu, safi! Vimekaa bega kwa bega kama mapacha.

Siku moja nikaipeleka programu kwa dada yangu. Macho yake ni dhaifu, kwa hiyo kompyuta yake ameikuzia herufi, na programu yangu nilikuwa nimeiagiza ifuate herufi za kompyuta inamoendeshwa. Nikaiandikia sura ya tatu hapohapo kwake, kurasa 12, sikuinuka. Mwisho nikamwambia, “Dada, nakwenda kuoga. Bonyeza kile kitufe cha chini, halafu zima.”

Herufi zilikuwa zimekua, kitufe hakikukua. Neno Hifadhi halikuenea. Ilibaki H na nukta tatu. Futa ni neno fupi, lilienea lote.

“Mdogo wangu,” aliniambia, “kimoja kilikuwa nukta nukta tu. Nikabonyeza kinachosomeka. Nilidhani kinafuta kioo, kazi yako inabaki.”

Sikuongea naye siku mbili.

Dawa yake, nilipoipata, ilikuwa nyepesi mno: kipe kitufe chumba chake. Unaweka vitufe ndani ya JPanel, ambayo huzaliwa na msimamizi mwingine, FlowLayout. Huyu hukiuliza kila kitufe kinahitaji nafasi kiasi gani, nacho hujibu kwa kulipima neno lake na herufi zake. Kisha paneli yenyewe ndiyo unayoiweka chini ya BorderLayout. Paneli itatanuka kutoka ukingo hadi ukingo, lakini vitufe vilivyomo vitabaki na kimo chao. Ukitaka vilingane, yupo GridLayout, anayegawa vyumba sawa kwa sawa. Mimi mapacha sikuwataka tena. Futa nimeihamishia juu, kwenye paneli yake peke yake, na kabla ya kufuta inauliza kwanza. Mwisho nikaita pack(), dirisha likajipima lenyewe kulingana na vilivyomo.

Sura ya tatu nimeiandika upya, lakini si ile. Katika ile ya kwanza mama mmoja alimwambia mwanawe neno mlangoni, na neno lenyewe sijalikumbuka hadi leo.

Dada bado ndiye msomaji wangu wa kwanza. Juzi alibonyeza Hifadhi, neno zima likisomeka, akaniuliza kama bado nina kinyongo. Nikamwambia, “Hapana, dada. Aliyelikata lile neno ni mimi.”