Kiinimacho na Kisomo

Jina la Sumbawanga husimuliwa kuwa ni agizo. Kwa Kifipa, wasema wenyeji, mgeni huambiwa autupe uchawi wake kabla hajaingia. Masikio ya nchi yakalisikia kinyume: mji uliojiita mahali pa kuutupa uchawi ukapewa sifa ya kuwa ghala lake. Huko juu, katika nyanda za baridi za Ufipa, baina ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, watu hulima mahindi, ulezi na maharage, hufuga ng'ombe, na Jumapili makanisa hujaa. Hata hivyo, Mfipa akifika Dar es Salaam, utani wa kwanza kumpokea ni wa radi. Neno moja limesomwa vibaya, na mzigo umetwikwa mji mzima.

Kiswahili kimetenga mambo mawili ambayo watu huyachanganya: uchawi na mazingaombwe. Mfanya mazingaombwe aingiaye uwanja wa shule ya msingi, akageuza karatasi kuwa noti mbele ya watoto, ana siri moja kubwa: anajua kusoma macho. Anajua kuwa jicho huufuata mkono uendao na kuusahau uliotulia. Anajua kuwa mtu akicheka uangalifu hulegea, na katika kulegea huko ndimo kazi hufanyika. Kabla ya kuwa fundi wa vidole, ni msomaji. Ndiyo maana lugha ikauita ufundi huu kiinimacho: tukio lenyewe hutendeka ndani ya jicho la mtazamaji.

Mpiga ramli naye ni msomaji. Katika miaka ya 1930, katika nchi ya Wabemba kusini mwa Ufipa, walipita vijana walioitwa Bamucapi. Wanakijiji walipangwa mstari, na mchawi akadaiwa kuonekana katika kioo kidogo cha mviringo. Audrey Richards aliyaeleza hayo mwaka 1935. Baadaye vuguvugu la ukoo huohuo, Kamcape, likaingia Ufipa yenyewe, na Roy Willis akaliandikia makala mwaka 1968. Lakini kioo hakina zaidi ya sura iliyo mbele yake. Yamkini kilichosomwa ni nyuso za jirani: nani anatazamwa kwa chuki, nani amesimama peke yake.

Hapo ndipo njia za wasomaji hawa wawili zinapoachana. Mazingaombwe huishia kwa makofi. Ramli huishia kwa jina la mtu, na jina likishatajwa halirudi kinywani. Tanzania imezika vikongwe waliouawa kwa kuwa macho yao yalikuwa mekundu. Mwenye kusoma vyema angeona katika wekundu ule miaka hamsini ya moshi wa kuni. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 huwabana hata wanaowatuhumu wenzao. Lakini sheria hufika baada ya panga.

Uingereza nayo iliwahi kuwanyonga wanawake kwa tuhuma kama hizo. Mwaka 1584 mtu wa Kent, Reginald Scot, alitoa kitabu cha kuwatetea, *The Discoverie of Witchcraft*, na ndani yake akafichua mbinu za wafanya kiinimacho: jinsi sarafu inavyopotea, jinsi kisu kinavyoonekana kukata pua pasipo kuikata, jinsi kichwa kinavyokaa sahanini mbali na kiwiliwili. Hoja yake ilikuwa nyepesi na nzito kwa pamoja: ikiwa jicho hudanganywa mchana kweupe na mtu mwenye sarafu, ni ushahidi gani wa jicho unaotosha kumpeleka bibi kizee kwenye kitanzi? Ufundi wa kudanganya ukawa shahidi wa wasio na hatia.

Fasihi ina udugu na ufundi huo. Anayefungua *Kusadikika* ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951, anajua kuwa hakuna nchi inayoning'inia angani. Amekubali kudanganywa, na kwa ridhaa hiyo huuona udhalimu wa nchi iliyo chini ya nyayo zake. Aliyezoea kukubali hivyo hujifunza kuuliza, kila aoneshwapo ajabu, mkono wa pili uko wapi. Swali hilo dogo, likiulizwa kijijini jioni ambayo jina linakaribia kutajwa, laweza kumfikisha kikongwe asubuhi.